Mti wa uwezekano ukikataa: kutoa bila kurudisha, dalili kwa dalili

Maswali ya kutoa vitu mfukoni bila kurudisha huwaangusha hata wanafunzi wanaojua kuzidisha sehemu vizuri. Mchoro unapendeza, matawi yamenyooka, jibu linakataa. Ukifuatilia makosa hayo kwenye madaftari, mengi yana chimbuko moja: mtu ameandika sehemu kwenye tawi bila kujiuliza, nilipofika hapa, mfukoni kumebaki nini?

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta dalili inayofanana na ya daftari lako. Katika kila dalili sababu ya kwanza ndiyo inayojitokeza mara nyingi zaidi, kwa hiyo anza nayo. Hakuna haja ya kusoma yote kwa mpangilio.

## Mfuko wa majaribio

Mfuko una gololi 8: nyekundu 5 (N) na za bluu 3 (B). Unatoa mbili, moja baada ya nyingine, bila kurudisha. Mti uliokamilika ni huu:

Mwanzo [N5 B3]
— N 5/8 → [N4 B3]
—— N 4/7 → NN = 20/56
—— B 3/7 → NB = 15/56
— B 3/8 → [N5 B2]
—— N 5/7 → BN = 15/56
—— B 2/7 → BB = 6/56

Kila mahali matawi yanapogawanyika nitapaita njia panda, na mwisho wa kila njia nitauita ncha. Namba ya juu ya sehemu ni kiasi, ya chini ni asili. Na yale mabano mraba yanaonyesha kilichobaki mfukoni ukiwa umesimama kwenye njia panda hiyo.

Mabano hayo wengi hawayaandiki, wanasema yanajaza karatasi. Yaandike. Mwanafunzi anayeandika [N4 B3] kabla ya kuandika sehemu yoyote hawezi kuandika 5/7 kwenye tawi la nyekundu, kwa sababu namba 4 inamtazama. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini hayatokei kabisa mabano yakiwepo.

## Dalili: matawi ya njia panda moja hayajumliki kuwa 1

Jaribio: jumlisha sehemu za matawi yanayotoka kwenye njia panda moja. Lazima upate 1 kamili. Usipopata, angalia umepata ngapi, maana jumla yenyewe inataja kosa. Tuseme umetoa nyekundu kwanza.

Ukipata 8/7, umeandika 5/7 na 3/7. Asili umeipunguza, kiasi cha nyekundu umekisahau. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, kwa sababu watu hukariri kwamba "namba ya chini inapungua" halafu wakaishia hapo.

Ukipata 7/8, umeandika 4/8 na 3/8. Umekumbuka kwamba nyekundu imetoka, lakini jumla ya gololi umeiacha ilivyokuwa.

Ukipata 6/7, umeandika 4/7 na 2/7. Umepunguza rangi zote mbili wakati gololi iliyotoka ni moja. Ya bluu bado ziko 3 zote, hazijaguswa.

Tiba ni ileile kwa hali zote tatu: futa sehemu za njia panda hiyo, andika mabano, hesabu yaliyomo, ndipo uandike sehemu upya. Usirekebishe namba moja moja kwa kubahatisha hadi jumla ifike 1. Njia hiyo ikikupa jumla sahihi, inaweza kuwa imekupeleka kwenye dalili inayofuata, ambayo ni ngumu zaidi kugundua.

## Dalili: kila kitu kinajumlika kuwa 1, na bado jibu si sahihi

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi. Jumla ya 1 ni jaribio zuri ila halikamati kila kosa, na mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba likipita basi mti uko salama anawaacha njiani.

Sababu ya kwanza: umechora mti wa kurudisha. Hatua ya pili ina 5/8 na 3/8 kama ya kwanza. Kila njia panda inajumlika kuwa 1, ncha nne zinatoa 25/64, 15/64, 15/64 na 9/64, jumla yake 64/64. Hakuna kinacholia. Jaribio linalokamata kosa hili ni la macho tu: tazama asili za hatua ya kwanza na ya pili. Kama ni zilezile, gololi imerudi mfukoni, utake usitake.

Kwa nini mtu anachora mti wa kurudisha? Mara nyingi ni kwa sababu swali halikusema wazi. Maneno "bila kurudisha" hayapo, lakini tukio lenyewe halina namna nyingine. Gololi mbili zikitolewa kwa mpigo, hakuna kurudisha. Wanafunzi wawili wakichaguliwa kuwakilisha darasa, mtu hachaguliwi mara mbili. Karata zikigawiwa wachezaji, karata moja haiko mikononi mwa wawili. Peremende ikiliwa imekwisha. Kwa upande mwingine, sarafu ikirushwa mara mbili au dadu ikichezwa tena, hakuna kilichotoka, na sehemu hazibadiliki. Kabla ya kuchora tawi la kwanza, jiulize: kitu kilichotoka kinaweza kutoka tena?

Utata huu ni wa miaka mingi. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha maswali matano ya michezo ya bahati. La pili lina watu watatu wanaochukua vipande kwa zamu, wamefungwa macho, kutoka kwenye vipande 12, vyeupe 4 na vyeusi 8. Wa kwanza kupata cheupe ameshinda. Swali halikusema kama kipande cheusi kinarudishwa, na wanahisabati walilisoma kwa namna tofauti. Jakob Bernoulli, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1713 baada ya kifo chake, alilishughulikia kwa maana tatu. Kwa kurudisha, nafasi za wachezaji ziko kwa uwiano wa 9:6:4. Bila kurudisha, ni 77:53:35. Swali moja, majibu tofauti, na kila moja ni halali kwa tafsiri yake. Kwa hiyo ukiona swali halieleweki, muulize mwalimu. Ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, andika sentensi moja, "nimechukulia kwamba gololi hairudishwi", ndipo uendelee.

Sababu ya pili: umenakili matawi ya juu ukayabandika chini. Mtu anakokotoa vizuri tawi la N na kupata 4/7 na 3/7, kisha kwa haraka anaandika 4/7 na 3/7 tena chini ya tawi la B. Njia panda zote zinajumlika kuwa 1. Ncha zinakuwa 20/56, 15/56, 12/56 na 9/56, jumla 56/56. Linapita kila mtihani wa jumla ulioujua.

Jaribio linalolikamata ni hili: linganisha NB na BN. Kwenye mfuko mmoja usiorudishiwa kitu, njia mbili zenye rangi zilezile kwa mpangilio tofauti lazima ziwe na uwezekano sawa. Hapa NB ni 15/56 na BN ni 12/56. Kuna kosa. Sababu ya usawa huo inaonekana kwenye kuzidisha kwenyewe: NB ni 5 × 3 juu ya 8 × 7, BN ni 3 × 5 juu ya 8 × 7. Namba zilezile zimebadilishana viti. Jaribio hili halichukui hata dakika, nalo linakamata kosa ambalo jumla ya 1 hailioni.

Sababu ya tatu: hesabu ya mwanzo ina kosa. Swali linasema "gololi 8, kati yake 3 ni za bluu", mtu anasoma 8 nyekundu na 3 za bluu, mti mzima unaanza na 8/11. Rudi kwenye swali, hesabu vitu vyote upya. Hakuna la zaidi.

## Dalili: jibu limezidi 1, au ni kubwa kuliko akili inavyokubali

Sababu ya kwanza: umejumlisha ukifuata tawi badala ya kuzidisha. 5/8 + 4/7 ni 67/56, na uwezekano hauvuki 1 kamwe. Wakati mwingine kosa hili linajificha kwa sababu sehemu ni ndogo na jumla haijafika 1. Basi tumia kipimo kingine: ncha ya njia haiwezi kuwa na uwezekano mkubwa kuliko tawi lolote lililo kwenye njia hiyo. Kupata nyekundu mbili hakuwezi kuwa rahisi kuliko kupata ile ya kwanza.

Anayetaka kujua kwa nini tunazidisha, afikirie zoezi hili limefanywa mara 56. Kwa wastani, mara 35 gololi ya kwanza itakuwa nyekundu, kwani 5/8 ya 56 ni 35. Kati ya hizo 35, ya pili itakuwa nyekundu mara 20, maana 4/7 ya 35 ni 20. Umechukua sehemu ya sehemu, na sehemu ya sehemu ni kuzidisha. Wanafunzi wanaopenda namba nzima kuliko sehemu wanaweza kuujaza mti wote kwa njia hii: 56 mwanzoni, 35 na 21 katikati, 20, 15, 15 na 6 mwishoni.

Sababu ya pili: umejumlisha ncha ambazo hazikuulizwa. Weka alama ya tiki kwenye kila ncha inayotimiza swali kabla ya kujumlisha chochote. Unazidisha ukifuata tawi, unajumlisha ukishuka ncha hadi ncha.

## Dalili: jibu lako ni nusu ya jibu sahihi, au mara mbili yake

Swali: uwezekano wa kupata rangi tofauti. Umeandika 15/56, kitabu kinasema 15/28. Umechukua NB ukaacha BN. Swali halikutaja ipi itangulie, kwa hiyo zote mbili zinahesabiwa: 15/56 + 15/56 = 30/56 = 15/28.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na huwapata hasa walioambiwa "zidisha kwa mbili" bila kuelezwa sababu. Wanazidisha hata NN kwa mbili, wakati mtini njia ya NN ni moja tu. Au wanazidisha mahali ambapo mpangilio umetajwa. Chukua kikundi cha wanawake 6 na wanaume 4. Wakichaguliwa wawili wa kwenda kwenye mkutano, uwezekano wa kupata mwanamke mmoja na mwanamume mmoja ni 6/10 × 4/9 + 4/10 × 6/9 = 48/90 = 8/15. Lakini wakichaguliwa kwa kura mwenyekiti kisha katibu, uwezekano wa mwenyekiti kuwa mwanamke na katibu kuwa mwanamume ni 24/90 = 4/15 tu. Vyeo vimeweka mpangilio.

Ukitoa gololi tatu, hatari inaongezeka. Nyekundu mbili na ya bluu moja zina njia tatu: NNB, NBN, BNN. Kila moja ni 60/336, jumla 180/336, ambayo ni 15/28. Ziandike herufi hizo zote kwenye karatasi kabla ya kukokotoa. Ukizihesabu kichwani utaiacha ya katikati.

## Dalili: "angalau" na "isiyozidi" zinakutoa nje

Sababu ya kwanza: umesoma "angalau moja nyekundu" kama "moja tu nyekundu" ukapata 30/56. Angalau moja ni pamoja na mbili. Jibu ni 50/56, yaani 25/28.

Sababu ya pili: umetumia njia ya mkato ya kutoa kwenye 1, ukatoa ncha isiyo yenyewe. Kinyume cha "angalau moja nyekundu" ni "hakuna nyekundu hata moja", yaani BB. 1 − 6/56 = 50/56. Ukitoa NN unapata 36/56, ambalo ni jibu la swali jingine: angalau moja ya bluu. Andika kinyume kwa maneno kwanza, ndipo utafute ncha yake.

Njia ya mkato ina thamani kubwa matawi yanapoongezeka. Ukitoa gololi tatu mti una ncha nane, lakini "angalau moja nyekundu" inahitaji ncha moja tu: BBB ni 3/8 × 2/7 × 1/6 = 6/336, jibu ni 330/336 = 55/56.

## Dalili: ncha zinajumlika kuwa 1.01 au 0.99

Desimali. Umeandika 0.36, 0.27, 0.27 na 0.11 kwa kuzikadiria, zimezaa 1.01. Mti wako ni mzima. Fanya kazi kwa sehemu hadi mwisho, na usirahisishe njiani: 20/56, 15/56, 15/56, 6/56 zinajumlishwa kwa mtazamo mmoja, wakati 5/14, 15/56 na 3/28 zinakudai utafute asili ya pamoja upya. Rahisisha jibu la mwisho tu.

## Dalili: tawi lina sifuri, au mti hauishi

Kama kitu cha aina fulani kilikuwa kimoja tu na kimeshatoka, tawi lake linalofuata ni sifuri. Hilo si kosa. Liandike 0 au liache bila kulichora, lakini usiliwekee 1 kwa mazoea. Ukiona namba hasi kwenye kiasi, basi umeendelea kutoa vitu ambavyo havipo: simama urudi nyuma hatua moja.

Kuna maswali ambayo zoezi linakoma kabla ya wakati. Una funguo 4, moja ndiyo ya kufuli, unajaribu moja moja na ile iliyokataa unaiweka pembeni. Kosa la kawaida ni kuendelea kuchora matawi baada ya kufuli kufunguka. Ikifunguka, tawi limeisha. Mti sahihi ni mrefu upande mmoja tu. Uwezekano wa kufungua kwa jaribio la kwanza ni 1/4. La pili, 3/4 × 1/3 = 1/4. La tatu, 3/4 × 2/3 × 1/2 = 1/4. La nne, 1/4 tena. Swali la Huygens ni la jamii hii hii.

## Dalili: hatua ya pili imetoa namba ileile ya kwanza, na unadhani umekosea

Umeulizwa uwezekano kwamba gololi ya pili ni nyekundu, bila kuambiwa lolote kuhusu ya kwanza. Umejumlisha NN na BN: 20/56 + 15/56 = 35/56 = 5/8. Sawasawa na ya kwanza! Unafuta, unaanza upya, unapata 5/8 tena.

Hukukosea. Jibu ni 5/8.

Wengi wanatetemeka hapa kwa sababu wameshaambiwa kwamba bila kurudisha, sehemu hubadilika. Zinabadilika kweli, ila zinabadilika kwa anayejua kilichotoka. Anayeona ya kwanza ni nyekundu anasimama kwenye 4/7. Anayeona ni ya bluu anasimama kwenye 5/7. Asiyeona kitu anabaki na mchanganyiko wa hali zote mbili kwa uzito wake, na mchanganyiko huo unarudi 5/8. Fikiria gololi zote nane zimetolewa gizani na kupangwa mstari. Nafasi ya pili haina upendeleo wowote wa rangi kuliko ya kwanza, wala ya nane.

Jambo hili linagusa maisha ya watu. Kwenye vikundi vya upatu, watu kumi wanachota karatasi zilizokunjwa ili kujua nani apokee kwanza, na kila mara yupo anayegombea achote mapema kwa kuamini wa mwisho ameachiwa makombo. Hesabu inamtuliza: wa kwanza ana 1/10, wa tatu ana 9/10 × 8/9 × 1/8 = 1/10, wa kumi naye 1/10. Kura ni ya haki bila kujali nani anatangulia kuchota. Karatasi zikifunguliwa moja moja hadharani, nafasi ya waliobaki hupanda au kuisha kadiri matokeo yanavyojulikana, lakini kabla ya kuanza hakuna aliyepunjwa.

Dalili hii unaweza kuigeuza jaribio. Mti wako wa kutoa bila kurudisha ukikupa namba nyingine kwa gololi ya pili, una kosa. Ule mti wa kunakili matawi ungetoa 32/56, yaani 4/7, na hapohapo ungejua.

## Dalili: swali linaenda kinyumenyume na tawi halipo

"Gololi ya pili imeonekana ni ya bluu. Kuna uwezekano gani kwamba ya kwanza ilikuwa nyekundu?" Watu hutafuta mtini, wanaona 3/7 kati ya N na B, wanaiandika. Lakini 3/7 inajibu swali la mbele: ya kwanza ikiwa nyekundu, ya pili kuwa ya bluu. Wengine wanaandika 15/56, ambayo ni uwezekano wa yote mawili kutokea, kabla ya kujua chochote.

Rudi kwenye zile mara 56. Ncha zinazoishia kwa B ni NB, mara 15, na BB, mara 6. Jumla 21. Kwa kuwa tumeshaambiwa ya pili ni ya bluu, tuko ndani ya hizi 21 na nyingine hazituhusu tena. Kati yake 15 zilianza na nyekundu. Jibu ni 15/21 = 5/7.

Mjanja atagundua kwamba 5/7 ndiyo namba ya tawi la B kwenda N, na ataanza kusoma mti kwa kugeuza tu. Kwenye mfuko mmoja inakubali, kwa sababu ya ule usawa wa NB na BN. Kwenye mifuko miwili yenye yaliyomo tofauti inavunjika. Shika njia ya ncha: ncha unazozitaka juu, ncha zote zinazolingana na habari uliyopewa chini.

## Dalili: jumla ya vitu haijulikani na umepata mlinganyo

Mwezi Juni 2015, swali la aina hii katika mtihani wa GCSE (wa sekondari) wa bodi ya mitihani ya Edexcel nchini Uingereza lilizua kelele kubwa Twitter. Mfuko una peremende n, 6 kati yake ni za rangi ya chungwa. Hannah anachukua moja bila kuangalia, anaila, anachukua nyingine anaila. Uwezekano wa zote mbili kuwa za chungwa ni 1/3. Onyesha kwamba n² − n − 90 = 0.

Waliokwama wengi walikwama kwa kuona n wakadhani ni aljebra tupu. Andika mabano kama kawaida: mwanzo peremende n, za chungwa 6, baada ya moja kuliwa, n − 1, za chungwa 5. Kwa hiyo 6/n × 5/(n − 1) = 1/3. Zidisha kwa mkingamo: 90 = n(n − 1), basi n² − n − 90 = 0. Ukipata n² = 90, umeandika 6/n × 5/n: asili hukuipunguza, rudi kwenye dalili ya kwanza. Ukitatua utapata 10 na −9. Mfuko hauna peremende hasi tisa, chukua 10, kisha ithibitishe: 6/10 × 5/9 = 30/90 = 1/3.

## Wakati wa kuuacha mti

Mti ni chombo cha hatua mbili au tatu. Rangi tatu kwa hatua tatu ni ncha 27, na hapo karatasi inaanza kukushinda. Ukifika huko, na mpangilio haukuulizwa, hamia kwenye kuhesabu makundi. Kwa mfuko wetu jozi zote ni 8 × 7 ÷ 2 = 28; jozi za nyekundu 5 × 4 ÷ 2 = 10; za bluu 3; za mchanganyiko 5 × 3 = 15. Majibu ni 10/28, 3/28 na 15/28, yaleyale ya mti. Kikokotoo chenye kitufe cha nCr kinafanya kazi hiyo hata kwa namba kubwa. Kama mada hiyo hujaifikia, mwombe mwalimu akuonyeshe badala ya kuchora ncha 81 usiku kucha.

Vitu vikiwa vingi mno, tofauti ya kurudisha na kutorudisha inakuwa ndogo. Kwenye gololi 8, nyekundu mbili ni 0.357 bila kurudisha na 0.391 kwa kurudisha. Kwenye shehena ya balbu 10,000 zenye mbovu 200, kutoa mbovu mbili ni karibu 0.000398 bila kurudisha na 0.0004 kwa kurudisha. Ndiyo maana wakaguzi, sampuli ikiwa chini ya asilimia 5 au 10 ya vitu vyote, huruhusu hesabu rahisi ya kurudisha.

Ila simama kabisa pale jibu linapokwenda kuamua jambo zito: kupokea au kukataa shehena ya dawa, kutafsiri kipimo cha hospitali, kupanga ukubwa wa sampuli ya utafiti. Huko vitu havitoki kwa usawa kama gololi. Boksi za juu zinachukuliwa kirahisi kuliko za chini, mashine iliyoharibika inatoa mbovu mfululizo, na kipimo chenyewe kinaweza kudanganya. Mti uliochorwa kwa umakini wote utatoa jibu safi la swali ambalo si lenyewe. Mtafute mtakwimu kabla sampuli haijachukuliwa, kwa sababu sampuli iliyochukuliwa vibaya hata yeye hawezi kuitengeneza.